Jinsi Nilivyomwambia Mzee Ulimboka Apishe

Mzee Ulimboka alikuwa mtu wa reli, na ukitaka kumuudhi mwambie reli imekufa. Alikuwa anakukatia maneno hapo hapo. "Imelala," anasema. "Kulala na kufa ni mambo mawili." Njia yenyewe, ile ya kutoka Kilosa kupita hapa kwetu Mikumi kwenda Kidatu, majani yalikuwa yameshafika magotini na mbuzi wanalala katikati ya vyuma. Lakini yeye kila asubuhi anatoka na fagio, anafagia kipande kilicho mbele ya nyumba yake kana kwamba saa nne kuna abiria. Tulimcheka sana. Naye alitucheka, akasema mbona sisi tunafagia nyua zetu na hakuna waziri anayekuja.

Baba yake alitoka Tukuyu kuja kukata mkonge Kimamba, na Ulimboka akazaliwa huko huko kambini. Kinyakyusa alijua cha kusalimia na cha kugombana tu. Ujanani akaingia reli, na kazi aliyoifanya miaka thelathini na moja ni ya kupisha treni. Mwenyewe alikuwa akieleza kwa vidole viwili mezani: treni ya mizigo inaingizwa njia ya pembeni, inasimama, inangoja, ya abiria inapita, kisha ya mizigo inarudishwa kwenye njia yake, inaendelea na safari. Hakuna treni iliyowahi kugongana mikononi mwake. Hilo alilisema kila Krismasi, akishapata kikombe cha pili cha chai.

Mkewe aliitwa Yunis, na huyo ndiye aliyenifundisha mimi kukata kitambaa. Nilikuja Mikumi kutoka milimani, msichana wa misheni, najua nyimbo na kusoma kwa sauti, lakini sindano naishika kama jembe. Yunis alinikalisha kwenye mkeka wake miaka miwili, hakunitoza hata sumni. Alipofariki alizikwa uani kwake, kama watu wengi wa kitongoji chetu cha Relini. Mzee alipima kwa miguu: hatua arobaini na mbili kutoka kwenye chuma cha kwanza cha reli mpaka kichwani pa mkewe. Alituambia hesabu hiyo wote, na hakuna aliyemuuliza ya nini.

Mimi naitwa Natalia, ila wengi wananiita Mama Kelvin. Nashona sare za shule. Watu walinichagua mjumbe wa kamati ya kitongoji kwa sababu mdomo wangu hauogopi mtu, ndivyo walivyosema. Loh! Walikosea.

Mwaka ule tuliitwa semina Kilosa, wajumbe kumi na wawili, siku mbili, chai ya maziwa, chapati, na fulana ya kijani iliyoandikwa MIKUMI MPYA NI YETU SOTE. Aliyetufundisha alikuwa Bwana Yassin, mtaalamu wa kampuni moja ya upangaji miji ambayo jina sitalitaja, sitaki kesi. Kijana mtanashati, mpole, anaamkia wakubwa vizuri. Nisimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kazi ya maneno na aliifanya.

Akatuambia eneo letu limeiva. Nikamuuliza, limeiva kama ndizi? Ukumbi ukacheka, naye akacheka, akasema limeiva kwa kupangwa. Nyumba zetu zikawa makazi yasiyopangwa. Na sisi tutakaohamishwa tukaitwa wanufaika wa awali. Bonifas, mwenyekiti wetu, akaninong'oneza, "Tunanufaika na nini?" Nikamwambia na chapati, kula.

Kisha akatuonyesha ukutani maneno ya kuepuka na maneno ya kutumia. Tusiseme kubomoa, tuseme kusafisha eneo. Tusiseme watu wanahamishwa wala wanaondolewa. Tuseme wanapisha uendelezaji. "Kuhamishwa kunazua taharuki," alisema Bwana Yassin. "Kupisha ni neno la hiari. Ni neno la adabu. Mtu anapisha kwa moyo wake." Nikaandika kwenye daftari, nikapigia mstari. Nikaliona neno zuri kweli, limepigwa pasi, halina mkunjo. Nilirudi Mikumi natamani kulitumia, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mkutano wa kitongoji ukafanyika Jumamosi iliyofuata. Bwana Yassin alikuja mwenyewe, akakaa mezani na ramani yake. Mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kufafanua. Wakaanza bibi zetu wa Kisagara, wanne, wamekaa kwenye khanga, na shangazi yangu Odilia akiwa msemaji wao. Akaniuliza kwa Kisagara, kwa ukali, hawa watu wanataka nini hasa. Nami nikamjibu kwa Kisagara, waziwazi: tunahamishwa, haturudi, nyumba zinavunjwa, kila mwenye kaburi alihamishe mapema. Bibi zetu wakaguna. Bwana Yassin akauliza wanasema nini. Nikamwambia wanauliza chai iko wapi.

Ndipo akasimama Mzee Ulimboka. Alivua kofia, maana yeye mikutano aliiheshimu.

"Nina swali moja dogo," akasema. "Hili neno kupisha. Mimi nalijua kwa kazi. Anayepisha anaingia pembeni, anangoja, mwenzake akishapita anarudi njia yake. Ndivyo?"

Bwana Yassin akaiacha ramani yake. Alinitazama mimi, akatabasamu kidogo, akasema, "Mama Kelvin atufafanulie."

Mzee hakijui Kisagara. Lingekuwa jambo la kumwambia kwa Kiswahili, mbele ya meza, mbele ya ramani, na mimi nimevaa fulana yao. Na mdomo wangu huu usioogopa mtu ukafunguka, ukasema:

"He! Mzee Ulimboka, leo mimi ndiye wa kukufundisha wewe kupisha?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye akacheka kuliko wote, akajipiga paja. "Haya, haya," akasema, "nimeelewa." Akavaa kofia yake, akaketi.

Hakuna uongo katika maneno yale. Nimeyageuza kichwani mwaka mzima nikitafuta uongo uko wapi, siuoni. Na ndiyo maneno mabaya kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu, na nimeshamtukana mtu sokoni.

Juma lile lile mimi na Bwana Yassin tulipita nyumba kwa nyumba na fomu. Kwa Mzee Ulimboka tulikaribishwa ndani, tukapewa karanga. Nilisoma, yeye anajibu, najaza. Nyumba vyumba vitatu. Choo kimoja. Tukafika kwenye kaburi. Fomu ilikuwa na visanduku viwili: lihamishwe, au lijumuishwe.

"Lijumuishwe ndiyo nini?" akauliza.

"Linabaki hapo hapo, ndani ya mradi," nikasema.

"Basi libaki. Nimfukue Yunis kwa safari ya miezi michache? Nikirudi nitamkuta."

Bwana Yassin alikuwa amekaa kushoto kwangu, anamenya karanga. Alisikia kama nilivyosikia. Alinyanyua macho mara moja, akayarudisha kwenye karanga. Nikatia alama ya vema kwenye kisanduku cha pili. Mzee akaweka sahihi yake nzuri ya reli, na chini ya sahihi, kwa herufi ndogo sana, paliandikwa kuwa mhusika anaweza kubadili uamuzi wake ndani ya siku sitini. Mstari huo niliusoma kimoyomoyo.

Utaniuliza, hivi hakuna mwingine aliyemwambia? Jamani, huyu alikuwa mtu wa utani. Watu walipokuwa waking'oa bati na milango, yeye anapita anawacheka: "Ng'oeni tu, mkirudi mtalala wapi?" Wao wakajua ni mzaha wake, wakacheka naye. Hata fidia alipoipokea aliiita posho ya safari, akawasifu wakubwa wa siku hizi kwa kutoa posho nono. Watu hoi kwa kicheko. Mimi peke yangu nilijua hafanyi mzaha, maana mimi nilikuwepo pale kwenye karanga.

Akaondoka kwenda Kidodi, kwa binti yake Grace aliyeolewa na mkulima wa miwa. Alichukua begi moja na redio. Kitanda, kabati, masufuria, hata ndoo ya kuogea, vyote akaviacha ndani, akafunga mlango. Alinipitia cherehanini kuniaga.

"Nakwenda kupisha, Mama Kelvin," akasema. "Nakuomba kitu kimoja. Jumamosi mfagilie mwenzio pale uani."

"Nitafagia, mzee wangu."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa Bonifas."

Nikafagia. Jumamosi nane nilifagia, haki ya Mungu sikukosa hata moja. Nang'oa majani, naokota majani ya mpera, napanga upya mawe ya pembeni. Simu iko kwenye mfuko wa gauni na namba ya Grace imo. Kila Jumamosi najiambia, leo nikimaliza kufagia nampigia. Nikimaliza nasema ngoja nioge kwanza. Nikioga nasema saa hizi wako shambani. Shangazi Odilia na wenzake walikuwa wameshahamisha watu wao, padre alikuja, tukaimba, mifupa ikabebwa kwa heshima mpaka makaburini kule juu. Nilishika mshumaa siku ile. Nilisema moyoni, na Yunis je? Kisha nikajijibu kuwa huyo si wangu, ana mwenyewe. Ona roho ya mtu inavyojua kujitetea!

Mara moja nilipiga. Ilikuwa Jumamosi ya sita. Grace akapokea, tukaongea mvua, tukaongea malori ya miwa yalivyoharibu barabara ya Ruhembe. Kisha akampa baba yake simu.

"Vipi huko," akasema, sauti ya furaha, "imeshapita?"

Nikasema, "Bado, mzee."

"Basi nangoja. Msalimie Yunis."

Nilikata simu nikakaa chini kwenye vumbi pale pale kaburini, nikalia. Kilio kikubwa, cha kelele. Baadaye nikajifuta, nikamaliza kufagia, nikaenda nyumbani kukata kola za sare. Siku sitini zikaisha Jumatano. Naikumbuka hiyo Jumatano kwa sababu sikufanya kitu chochote.

Jumanne iliyofuata gari la matangazo likapita na spika: zoezi la kusafisha eneo limeanza, wananchi tupishe. Greda likaja saa mbili asubuhi. Nyumba ya Mzee Ulimboka ilianguka na kitanda chake ndani, nikasikia masufuria. Dereva wa greda alipofika kwenye kaburi akazima injini, akashuka, akauliza hili vipi, halijahamishwa? Mcha Mungu yule. Wakamletea fomu. Wakamsomea kuwa kaburi limejumuishwa katika eneo la wazi, kwa ridhaa ya mhusika. Akatazama mwandiko. Akauliza aliyejaza yupo? Nilikuwa hatua kumi tu kutoka pale, nimejifunika khanga mpaka puani kwa sababu ya vumbi. Sikuitika. Akapanda, akawasha.

Wakajenga miezi tisa. Kitu chenyewe kinaitwa Kituo Jumuishi cha Huduma, lakini sisi tunasema maegesho, maana ndicho kilichopo: magari ya watalii wanaokwenda mbugani, vibanda vya vinyago, vyoo vya kulipia, na chini pevingi tupu, vile vitofali vya saruji, vyekundu na vya kijivu. Ni pazuri, siwezi kusema ni pabaya. Wengine wamepata vibanda wanauza maji na korosho. Mimi nilipewa kiwanja mbadala kama wenzangu waliokichagua badala ya fedha, nikajenga kule juu karibu na shangazi, na biashara ya sare ikaendelea.

Siku kituo kilipozinduliwa, redio ya Mzee Ulimboka ilitangaza. Siku ya pili yake, mchana, nikasikia hodi. Alikuwa amesimama mlangoni na begi lake, redio, ndoo mpya, na godoro limefungwa kamba.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, Mama Kelvin. Nimerudi. Kumbe na wewe wamekupeleka mbali hivi? Nimeuliza njia mpaka nimechoka." Akacheka. "Njoo unisindikize, nyumba itakuwa na vumbi, sitaki kuingia peke yangu."

Nilipaswa kusema hapo. Nilisema ngoja nivae viatu. Tukatembea, yeye anazungumza njia nzima habari za wajukuu, mimi natazama chini. Tulipotokea kituoni alisimama. Alitazama vibanda, alitazama pevingi, alitazama kulia na kushoto kama mtu aliyeshushwa stesheni isiyo yake.

"Nyumba wameisogeza?" akauliza.

Akaweka godoro chini, akaenda mpaka relini. Vyuma bado vipo, vimezungushiwa kamba kwa ajili ya watalii kupiga picha. Akasimama kwenye chuma cha kwanza, akageuka, akaanza kuhesabu hatua kwa sauti. Watu wa vibanda wakaacha kuuza. Alipofika thelathini na nane akakutana na gari la watalii limeegeshwa. Akamwomba dereva, kwa adabu, asogeze kidogo. Dereva akasogeza. Akamalizia hatua nne, akasimama. Palikuwa na doa la oili na mistari ya njano.

"Yunis yuko hapa chini?" akauliza.

"Ndiyo, mzee."

Akapiga magoti kwa shida, akaweka kiganja juu ya pevingi. Nilidhani atalia au atapiga kelele. Ningefurahi angepiga kelele, angenitukana pale pale mbele ya watu. Badala yake alinitazama kwa huruma. Kwa huruma, jamani! Akasema:

"Maskini, Mama Kelvin. Kumbe na wewe walikudanganya."

Alinifungulia mlango kabisa. Nilichotakiwa kufanya ni kutikisa kichwa tu, ndiyo mzee, walitudanganya sote, na tungelia pamoja, ningemkaribisha chakula na jioni angenishukuru. Karibu nitikise. Lakini alikuwa amepiga magoti juu ya mwalimu wangu, na kiganja chake kimeshika oili.

"Hapana," nikasema. "Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba haturudi. Wale bibi niliwaambia kwa Kisagara. Wewe sikukuambia."

Akafikiri. "Siku ile nilipouliza mkutanoni, ulijua?"

"Nilijua."

"Na kwenye karanga?"

"Nilijua, mzee."

"Na zile Jumamosi, ulipokuwa unamfagilia?"

"Nilijua."

Nilimpa mkono nimwinue, hakuushika. Akajiinua mwenyewe kwa kushika bampa ya lile gari. Akachukua godoro lake, akavuka barabara, akangoja gari la kurudi Kidodi upande wa pili. Mimi nilisimama upande huu. Lilichelewa karibu saa nzima. Malori yalipita katikati yetu.

Wiki mbili baadaye nilimfuata. Sikwenda na mjumbe mwenzangu wala na Bonifas, nilikwenda peke yangu, nimebeba kitambaa changu cha machozi kama mtu wa msibani. Nilishukia Kidodi kwenye vumbi la malori ya miwa, nikaulizia kwa Grace, nikaonyeshwa. Mzee alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha kamba, redio imezimwa. Grace alinikimbilia, akanipokea mkoba, akaniita mama. Hakuwa ameambiwa. Nikasogea mbele ya mzee, nikapiga goti, jambo ambalo hata kwa baba yangu sikuwahi kulifanya.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Alikuwa ananitazama usoni. Nikangoja. Kwetu huku hata mlevi anaitikia shikamoo. Hata mtu mliyepelekana mahakamani anaitikia kwanza ndipo mnagombana. Kuku walipita. Nikadhani hakunisikia, nikarudia kwa sauti ya juu zaidi.

"Shikamoo, mzee."

Grace akashangaa. "Baba," akasema, "Mama Kelvin anakuamkia. Hujamsikia?"

"Nimemsikia," akasema.